Anayesukuma Kinga



Katika Ufaransa kuna njia ya baiskeli iitwayo La Loire à Vélo, yenye urefu wa kilomita 900 hivi, inayoufuata mto Loire hadi baharini. Watu huiendea wakati wa likizo, wakapita polepole kando ya mashamba ya mizabibu. Ni furaha halali, wala hatuionei kijicho.

Kwetu Katanga, baiskeli ina kazi nyingine. Mwaka 2017, Mfaransa Emmanuel Gras alitoa filamu yenye jina la Makala, nayo ikatuzwa huko Cannes. Inamwonyesha kijana akiangusha mti, akichoma makala, kisha akisukuma kinga yenye magunia hadi Kolwezi, mwendo wa kilomita 50 hivi. Hapandi kinga yake, kwa maana mzigo umechukua nafasi yote.

Sisi wa Panda hatuhitaji sinema ili tumjue mtu huyo. Wengine humlaumu kwamba anamaliza pori. Ni kweli pori linarudi nyuma. Lakini ni mbabula zetu zinazomtuma huko. Anayepikia makala hana haki ya kumdharau anayeyaleta.

Basi, mkimkuta mlimani, sukumeni pamoja naye. Mwenye motokari apunguze mwendo na kumwachia nafasi. Na tunaponunua, tusimpunguzie bei kwa sababu tu tunaona amechoka na hawezi kurudi na mzigo. Kufaidi uchovu wa mwenzako ni kumwibia jasho lake.