Tujue Historia Yetu: Manowari ya Bomba Tatu



Je, umewahi kufika Kariakoo, katika Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam? Kama bado, bila shaka umesikia habari za soko lake. Mwezi huu tutazungumza juu ya meli. Mwisho utaona jinsi habari za meli hiyo zinavyotufikisha Kariakoo.

Meli hiyo iliitwa Königsberg. Ilikuwa manowari, yaani meli ya vita, ya Wajerumani. Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala Tanganyika. Iliingia bandari ya Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Urefu wake ulikuwa meta 115. Ilikuwa na mizinga 10 na mabomba matatu ya kutolea moshi. Kwa hiyo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu.

Vita vilipokaribia, meli iliondoka tarehe 31 Julai. Siku chache baadaye iliteka meli ya Waingereza karibu na pwani ya Oman, imejaa majani ya chai. Lakini haikuweza kurudi Dar es Salaam. Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati linaloelea mlangoni mwa bandari, ili Waingereza wasiingie. Mwenye nyumba akafungiwa nje! Basi ikajificha katika mikoko ya mto Rufiji.

Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ikatokea Unguja. Ilikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga, mitambo yake inatengenezwa. Ikaipiga mizinga mpaka ikazama. Lakini mtambo wake yenyewe ukaharibika, ikarudi Rufiji. Haikutoka tena.

Vyuma vilivyoharibika vilifunguliwa vikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa. Nani alivivuta? Ni watu wetu. Walivivuta kwa kamba, porini na matopeni, kwenda na kurudi. Lakini Waingereza walikuwa wamekwisha kuziba milango ya mto. Tarehe 11 Julai 1915 meli zao mbili, Severn na Mersey, ziliipiga Königsberg. Ndege iliruka juu ikiwaonyesha mahali pa kulenga. Nahodha Max Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Meli ilikufa, mizinga yake haikufa. Wajerumani waliitoa yote 10, na karakana ya Dar es Salaam ikaitengenezea magurudumu. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa katika meli ya Goetzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Mingine ilitembea nchi kavu. Mzinga mmoja ulihitaji mamia ya watu kuuvuta. Fikiri, ndugu yangu: chuma cha baharini kinapandishwa milimani, mvua inanyesha, chakula hakuna, homa imewashika. Wengi hawakurudi makwao.

Waingereza nao walifanya hivyo hivyo. Walipoiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi wao mahali lilipo soko sasa. Jina la kikosi hicho kwa Kiingereza lilitamkwa “karia koo”. Kambi iliondoka, jina likabaki.

Wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu. Jina la nahodha Looff limo vitabuni, lakini majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri jambo hilo na kuomba radhi. Waulize wazee wa kijiji chako: nani katika ukoo wenu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita? Sasa unajua kuandika. Andika jina lake katika daftari lako.

Mabaki ya Königsberg yamemezwa na tope la Rufiji. Mzinga wake mmoja uko Mombasa, katika ngome ya Fort Jesus. Na huko huko upo mzinga wa Pegasus.