Lango Lililoteketea

Mgeni azuruye Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, leo hulikuta Lango la Sungnyemun likiwa limesimama imara katikati ya mkondo wa magari. Msingi wake ni wa mawe. Juu yake pana ghorofa mbili za mbao zenye nakshi za rangi. Lilikamilika mwaka 1398, nalo likanusurika hata katika vita vya mwaka 1950 hadi 1953.

Lile ambalo vita havikuliweza lilitendwa na mtu mmoja. Usiku wa tarehe 10 Februari, 2008, mzee mwenye kinyongo juu ya fidia ya ardhi yake aliingia akalitia moto. Mlinzi wa zamu hakuwapo. Kulipokucha, paa lilikuwa limekwisha anguka.

Serikali ililitengeneza upya kwa miaka mitano, na mafundi wakatumia zana za mikono kama wazee wao. Lilifunguliwa Mei, 2013. Lakini kabla ya mwaka kwisha, rangi ilianza kubanduka.

Wako wasemao kwamba maadamu fedha zipo, lililoharibika litatengenezwa. Hatukubaliani nao. Fedha hununua mbao, haziwezi kununua miaka mia sita. Wala ufundi uliokwisha sahauliwa hauamshwi kwa amri. Mshahara wa mlinzi wa usiku ni mdogo mno mbele ya hasara hiyo. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye dhamana ya majengo ya kale na wayalinde yangali mazima.