Mama anyonyeshaye usiku: Kabla ya kuilaumu simu, tujilaumu wenyewe



Leo tuzungumzie jambo ambalo limo katika nyumba zetu nyingi, lakini hatulizungumzi isipokuwa kwa kulaumiana. Nalo ni mama mwenye kichanga kushika simu janja wakati ananyonyesha usiku.

Ni saa nane za usiku na nyumba nzima imelala. Mtoto wa siku kumi analia, mama anaamka, anampakata na kumpa titi. Mkono mmoja umemshika mtoto, wa pili umeshika simu. Mama mkwe akichungulia atasema: "Mabinti wa siku hizi, hata mtoto hawamtazami!"

Nami niliwahi kusema maneno kama hayo. Mtoto wetu wa mwisho alipokuwa na wiki tatu, nilishtuka usiku nikamkuta mama yake anasoma ujumbe wa wenzake, nikamkemea. Alinijibu kwa upole: "Baba Salma, nipatie mtu mwingine wa kuzungumza naye saa hizi, simu nitaiweka." Sikuwa na jibu. Niligeukia ukutani nikalala. Jibu lile ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kwanza tuujue uzito wa kazi yenyewe. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, na baadhi ya mara hizo ni lazima ziwe za usiku, kwani tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Aidha, homoni ya prolaktini, ambayo huuamuru mwili kutengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Kwa hiyo kunyonyesha usiku kunasaidia maziwa yasipungue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi.

Sisi Waislamu tunaijua aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Lakini aya hiyo hiyo imembebesha baba jukumu la chakula na mavazi ya mama huyo. Wengi wetu tumeshika nusu ya kwanza tu.

Je, simu ina madhara wakati huo? Ndiyo, ikitumiwa ovyo.

Kwanza ni usingizi. Mwanga wa kioo cha simu, hasa ule wenye rangi ya buluu, hupunguza homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala. Ukiongeza habari za kutisha na mabishano ya makundi ya WhatsApp, mama humaliza kunyonyesha akili ikiwa macho. Mtoto analala, yeye anabaki anakodoa, na baada ya muda mfupi mtoto anaamka tena.

Pili ni jicho la mama. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani takriban kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama yake. Naye mama anahitaji kutazama kama mtoto ameshika vizuri: mdomo umefunguka wazi, kidevu kimegusa titi, na anasikika akimeza. Akishika ncha ya chuchu tu, chuchu hupasuka na mtoto hashibi.

Tatu ni usafi. Simu huenda sokoni, kwenye daladala, jikoni, na kwa wengine hadi chooni. Tunanawa mikono lakini simu hainawi, na mkono uleule uliotoka kwenye simu ndio unaogusa kitovu cha kichanga. Basi simu ifutwe kila siku kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo spiriti ya asilimia 70, ikiwa imezimwa. Na kabla ya kumshika mtoto, mama anawe kwa sabuni.

Nne ni usalama. Simu isichajiwe chini ya mto wala kando ya mtoto, kwani hupata joto. Wala isishikwe juu ya kichwa chake, kwani mama mwenye usingizi huiachia bila kujua.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Wapo akina mama ambao simu ndiyo inayowazuia wasisinzie wakiwa wamekaa kwenye kochi na mtoto kifuani. Kusinzia namna hiyo ni hatari kubwa, kwani mtoto anaweza kubanwa na kukosa pumzi. Simu pia ndiyo ya kuitia usafiri pale mtoto anapogoma kunyonya, anapopumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anapopatwa na degedege, au joto lake linapofika 37.5 na kuzidi. Dalili hizo hazisubiri kuche.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mama asinyang'anywe simu, bali apewe msaada. Apunguze mwanga wa kioo, afunge kelele za makundi, na ahakikishe mtoto ameshika vizuri kabla ya kuigusa. Akitaka, asikilize mawaidha kwa sauti ndogo au alete dhikri, ambayo haizuiliwi kwa mwenye nifasi. Na asifuate kila ushauri unaosambazwa usiku. Anayesema dang'a limwagwe, au kichanga apewe maji ya sukari, anamdhuru mtoto.

Nawe ndugu yangu baba, kabla hujalala weka maji ya kunywa na uji kwenye chupa karibu na mama. Mtoto akimaliza kunyonya, mpokee, mcheulishe, mbadilishe nepi. Mama yumo katika nifasi na hasali, lakini wewe unaamka kwa Alfajiri. Ukishasali mchukue mtoto, umwachie mama alale angalau saa moja. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mwache.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Mama akiwa na huzuni isiyokwisha baada ya wiki mbili, akilia bila sababu, akishindwa kulala hata mtoto anapolala, au akisema bora asingekuwepo, msimwambie kuwa imani yake ni ndogo. Hayo ni maradhi na yana tiba. Apelekwe kituo cha afya, na akitaja kufa apelekwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Pengine dalili ya kwanza mtakayoiona ni ile mnayoilaumu: mwanamke aliyekaa peke yake gizani, akitazama simu.

Usiku wa leo, ukiona mwanga ule chumbani, usikemee. Inuka umuulize: "Nikusaidie nini?"

Wabillahi tawfiq.