Chembe za Plastiki Tumboni mwa Samaki

Mfuko wa plastiki ukitupwa ziwani hauozi; jua na mawimbi huumeguamegua hata ukawa chembe zisizofikia milimita 5. Samaki huzimeza akidhani ni chakula. Tumbo likijaa kisicho na lishe, hamu ya kula hupungua na mwili hudhoofika. Mwaka 2016 wataalamu walieleza kwamba katika sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni Mwanza, mmoja katika kila watano alithibitika kumeza plastiki. Tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania Bara, lakini chupa na nyavu kuukuu zingalipo. Wazazi, wafunzeni watoto: takataka zisifike ufukweni. Ziwa ni chungu chetu sote.