Utata wa maneno ya sheria waigeuza michezo ya mtandaoni

Aghalabu mtu mzima anapomkuta kijana ameinamia kompyuta usiku wa manane, humkemea kwa kumwambia aache mchezo ashike kitabu. Neno "mchezo" katika kemeo hilo huwa na maana ya jambo lisilo na uzito. Hata hivyo, neno hilohilo likiingizwa katika sheria za nchi laweza kuzalisha faini ya mamilioni, likafunga soko zima na kuwanyima watu matunda ya jasho lao la miaka mingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sheria za masoko ya kigeni zinapoikuta michezo iliyoundwa katika nchi za Magharibi, ukali wa sheria si jambo la kuogopwa sana. La kuogopwa zaidi ni utata wa maneno yake.

Michezo ninayoikusudia ni ile ambayo mchezaji hujitwalia mhusika, akampa jina, sura na ufundi, kisha akamwongoza katika ulimwengu wa kubuni unaokaliwa wakati huohuo na maelfu ya wachezaji wengine waliounganishwa kwa intaneti. Wanafunzi wa fasihi wataitambua hali hiyo kwa urahisi: ni kama riwaya ambayo msomaji ameruhusiwa kuingia ndani yake akawa mmoja wa wahusika. Tofauti ni kwamba riwaya ukishainunua ni yako, wala hakuna awezaye kuja usiku akaiondoa rafuni. Mhusika wa mchezo wa mtandaoni hukaa katika seva ya kampuni, na seva hiyo iko chini ya mamlaka ya sheria za nchi fulani.

Mfano ulio bora ni mchezo uitwao World of Warcraft, uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya California mnamo Novemba 2004 na kufunguliwa nchini Uchina mwaka 2005. Kufikia Januari 2008 mchezo huo ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 10, na takriban milioni 5.5 kati yao walikuwa katika bara la Asia. Maadamu zaidi ya nusu ya wateja wako Asia, hapana kampuni ambayo ingeyapuuza matakwa ya watawala wa huko. Isitoshe, sheria ya Uchina haimruhusu mgeni kuendesha mchezo wa mtandaoni yeye mwenyewe. Sharti aikabidhi kazi hiyo kampuni ya wenyeji, nayo kampuni hiyo ndiyo iombayo idhini kwa serikali. Kwa Blizzard, mwenyeji wa kwanza alikuwa kampuni ya The9, na kuanzia mwaka 2009 akawa NetEase.

Mnamo mwaka 2007 wachezaji wa Uchina waliamka wakakuta mabadiliko ya ajabu. Katika mchezo huo mna jamii ya wafu waliofufuka, ambao mifupa yao hutokeza kwenye viwiko na magoti. Ghafla mifupa hiyo ilikuwa imefunikwa nyama. Mifupa ya wahusika waliouawa, ambayo hapo awali ilibaki imetapakaa ardhini, nayo ikabadilishwa kuwa makaburi nadhifu. Wengi walidai kwamba sheria ya Uchina inakataza mifupa. Madai hayo yamerudiwa mara nyingi hata yakaonekana kuwa kweli. Lakini kanuni za Uchina zilikataza maudhui yanayoeneza madhehebu potovu na ushirikina, au yanayochochea ukatili. Mifupa haikutajwa.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama na kutazama vizuri. Neno "ushirikina" lina kiini kinachoeleweka na pembezoni zisizo na mpaka. Kumtolea pepo kafara ni ushirikina, hapana shaka. Je, hadithi ya mfu aliyefufuka ni ushirikina? Je, goti lake lililotoka nje ya ngozi? Sheria haijibu, na mwenye kulijibu swali hilo ni ofisa ambaye mwombaji hajui atakuwa na fikra gani siku hiyo. Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Katika kisa hiki mgeni alisikia tu fununu kwamba huenda mwenyeji ana chongo, akalivunja jicho kabla hajabisha hodi. Hivyo ndivyo utata unavyofanya kazi: humfanya mwandishi ajikate mwenyewe, naye hukata zaidi ya alivyoagizwa ili awe salama.

Kisa cha pili kilitokea mwaka 2009, nacho kilitokana na swali ambalo lingefaa kabisa darasa la semantiki: mchezo wa mtandaoni ni kitu gani? Idara kuu ya Uchina inayosimamia machapisho ilishikilia kwamba mchezo ni chapisho, na kwa hivyo haupaswi kufunguliwa kabla idara hiyo haijaukagua. Wizara ya Utamaduni nayo ilishikilia kwamba mchezo ukishaingia mtandaoni ni shughuli ya utamaduni iliyo chini yake. Mnamo Novemba mwaka huo idara ya machapisho ilitangaza kuwa imeyarudisha maombi ya NetEase, ikaitaka isiandikishe wachezaji wapya wala kuwatoza ada. Wizara ikajibu hadharani kwamba wenzao wamevuka mipaka ya mamlaka yao.

Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na nyasi katika kisa hiki walikuwa wachezaji. Toleo la nyongeza la mchezo huo, Wrath of the Lich King, ambalo Marekani na Ulaya zililipata Novemba 2008, liliwafikia Wachina mwishoni mwa Agosti 2010. Kwa karibu miaka miwili walikuwa wakisikia habari za nchi ambazo hawakuweza kuzizuru. Baadhi yao walihamia seva za Taiwan, wakaanza upya na wahusika wasio na kitu. Wengine walitengeneza filamu ya zaidi ya saa moja kwa kuwatumia wahusika na mandhari ya mchezo wenyewe, wakaieneza mtandaoni Januari 2010. Filamu hiyo, War of Internet Addiction, iliwadhihaki maofisa na makampuni pamoja na wale waliodai kuwatibu vijana uraibu wa intaneti kwa mishtuko ya umeme. Huu ulikuwa ushahidi kwamba kile kilichoitwa mchezo tu kilikuwa kimekuwa lugha ya kutolea malalamiko.

Msomaji asije akadhani kwamba utata huu ni ugonjwa wa Uchina pekee. Tuelekee Ulaya, ambako suala halikuwa mifupa bali visanduku vya bahati. Katika michezo mingi ya leo mchezaji hulipa fedha halisi afungue kisanduku asichojua ndani yake mna nini. Huenda akapata upanga adimu, huenda akapata takataka. Je, hiyo ni kamari? Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1999 hutaja mambo manne: pawe na mchezo, dau, faida au hasara, na bahati. Aprili 2018 tume ya kamari ya nchi hiyo iliamua kwamba visanduku vya michezo kadhaa iliyochunguzwa vilitimiza masharti yote manne. Mtu aweza kuupinga uamuzi huo, lakini hawezi kusema haujui ulikotoka.

Nchini Uholanzi mambo yalikwenda kombo. Mamlaka ya kamari iliitoza kampuni ya EA faini ya euro milioni 10 kwa sababu ya pakiti za wachezaji zinazouzwa ndani ya mchezo wa kandanda wa FIFA. Kesi ilipofika katika mahakama ya juu ya masuala ya utawala, yote yakategemea neno moja. Kitendo cha kufungua pakiti ni mchezo unaojitegemea, au ni sehemu tu ya mchezo mkubwa wa kandanda? Machi 2022 mahakama ikaamua kwamba ni sehemu tu, na faini ikafutwa. Hebu fikirieni: mamilioni 10 yalining'inia kwenye tafsiri ya nomino ambayo kila mtoto huitamka kila siku.

La kuzingatia ni kilichofuata. Juni 2022, takriban miezi mitatu baada ya hukumu hiyo, Blizzard ilitoa mchezo wa uhusika uitwao Diablo Immortal, ambao iliuunda ikishirikiana na NetEase. Mchezo ulifunguliwa katika nchi nyingi, ila Ubelgiji na Uholanzi ziliachwa nje. Ubelgiji yaeleweka. Lakini Uholanzi, ambako mahakama ilikuwa tayari imeyalegeza mambo, pia iliachwa. Hofu iliyopandwa na neno tata haing'oki mara neno hilo linapofafanuliwa.

Sitaki nieleweke kwamba ninayatetea makampuni haya. Yana tamaa, na visanduku vyao vimebuniwa ili mtoto achome fedha za mzazi bila kuhisi. Serikali yoyote ina haki, na hata wajibu, wa kuwalinda raia wake. Tena sheria kali yaweza kuwa wazi kabisa. Agosti 2021 Uchina ilitangaza kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 ataruhusiwa kucheza mtandaoni saa moja tu, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za umma. Korea Kusini nayo ilikuwa na sheria ya mwaka 2011 iliyowazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ilipoonekana imepitwa na wakati ikafutwa, na kufikia Januari 2022 haikuwapo tena. Unaweza kuzichukia sheria hizo, lakini zinasema nani, saa ngapi na kwa nini. Sheria iliyo wazi hupingwa kwa hoja na hufutwa kwa hoja.

Ni haki pia kukiri kwamba si kila dhara hutokana na utata. Januari 2023 mkataba kati ya Blizzard na NetEase ulikwisha bila wao kuafikiana, na kwa kuwa mgeni hawezi kusimama bila mwenyeji, mchezo ukafungwa nchini Uchina. Wachezaji walipewa njia ya kuhifadhi kumbukumbu za wahusika wao katika faili, mithili ya mtu anayefungasha vyombo vyake asijue atarudi lini. Walirudi Agosti 2024. Hapo sheria ilikuwa wazi kabisa, na bado mwananchi aliumia. Hata hivyo, alijua aliyefunga mlango ni nani na kwa sababu gani. Katika ule mvutano wa mwaka 2009 hakulijua hata hilo.

Yatuhusu nini sisi? World of Warcraft haina toleo la Kiswahili, wala soko letu halijawa na uzito wa kumfanya mtu wa California afunike goti la mfu. Lakini vijana wetu wanaocheza mtandaoni wanacheza chini ya maneno yaliyofafanuliwa na wengine, na karibuni tutalazimika kuyafafanua wenyewe. Mnamo Agosti 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya kudhibiti kamari badala ya ile ya mwaka 1966. Na ingawa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, sheria zetu bado hutungwa kwa Kiingereza, nasi huzitafsiri baadaye, tena kwa haraka.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo dogo. Waulizeni wanafunzi wenu watenganishe mchezo wa kandanda, mchezo wa kuigiza na mchezo wa bahati nasibu, kisha waseme kisanduku cha bahati kiingie wapi na kwa kigezo gani. Wasiridhike na jibu la "inategemea" mpaka wataje inategemea nini. Miongoni mwao wamo watakaoandika sheria za kesho, na wengi zaidi watakaohukumiwa nazo.