TULE KWA MAMA LISHE WETU

Siku ya mechi ya Simba na Yanga, Temeke nzima huamka mapema. Jua halijawa kali, moshi wa mkaa umekwisha kupanda karibu na Uwanja wa Benjamin Mkapa: hapa wali na maharage, pale mishikaki, kule mihogo ya kukaanga na kachumbari, na kijana mmoja anafungua madafu. Uwanja ule uliofunguliwa mwaka 2007 huchukua watu 60,000. Watu wote hao hawawezi kushangilia na njaa.

Wako wasemao kwamba akina mama hawa wanachafua mji, waondolewe, na chakula kiuzwe na makampuni makubwa peke yake. Sisi twakataa. Shilingi anayolipwa mama lishe hulala Temeke: hununua mchele, hulipa kodi ya chumba, humpatia mtoto daftari. Ile inayolipwa kampuni kubwa huenda mbali, wala Temeke haiioni tena.

Tena tusisahau tulikotoka. Bibi Titi Mohamed alipowaandikisha akina mama wa Dar es Salaam katika TANU mwaka 1955, miongoni mwao walikuwamo wauza maandazi na vitumbua. Na bendera yetu ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ilipandishwa papo hapo jirani, katika uwanja ambao leo waitwa Uwanja wa Uhuru. Je, binti na wajukuu wa akina mama wale wakose pa kuteleka sufuria?

Lakini, ndugu wanachama, haki huenda pamoja na wajibu. Mama lishe afunike chakula, aweke maji safi ya kunawa, wala asipandishe bei kwa kuwa ni siku ya watani. Nasi tulipe bila kukopa, tusitupe taka ovyo, na mwenye kunywa bia angoje mpira uishe, maana mlevi haoni bao wala haoni njia. Halmashauri nayo iwapatie mabomba, vyoo na mahali palipopimwa.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 walipewa Tanzania, Kenya na Uganda kuliandaa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na mama lishe wa Temeke ahesabiwe kuwa ni mwenyeji.

Uhuru na Kazi!