Mfuko wa mbwa "unaooza": unaozea wapi?

Ukinunua mifuko ya kuzolea kinyesi cha mbwa iliyoandikwa kwamba inageuka mboji, soma maandishi madogo. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, ni cha mboji ya viwandani: joto la nyuzi 58 hivi, muda hadi miezi 6. Lundo lako la uani hata likipata joto hilo, halikai nalo muda wote huo. Ukiutupa dampo, utafukiwa pasipo hewa, na kinachooza humo hutoa gesi ya methane. Kwa hiyo dai si uongo, ila nusu ya habari imeachwa dukani.

Mimi mfuko haunisumbui sana. Kinanisumbua kilichomo. Kinyesi cha mbwa si samadi ya ng'ombe! Kinaweza kuwa na mayai ya minyoo ya Toxocara, ambayo hudumu udongoni miaka, na watoto huyameza kwa mikono michafu. Usikichanganye na mboji ya mchicha, mfuko uwe wa aina yoyote. Chukua koleo, chimba shimo mbali na kisima na bustani, ufukie bila mfuko. Hela ya mifuko mnunulie mbwa dawa ya minyoo, kwa ratiba ya daktari wa mifugo.